Mashine Ilikuwa Imezimwa

Aliyesababisha kifo cha Mutua, mwangalizi wa mashine ya kumenya kahawa huko Ruiru, ni meneja wa kiwanda aliyeamuru mbao walizosimama juu yake wafanyakazi ziondolewe. Aliyeshirikiana naye ni mhandisi mkuu wa kampuni, aliyekaa Thika akaahirisha matengenezo aliyoombwa na fundi wake mwenyewe. Nayatamka haya mwanzoni kabisa ili kijana atakayechoka kusoma awe amekwisha kupata lililo muhimu. Kumbukumbu rasmi inasema vinginevyo. Inasema Mutua aliuawa na uzembe wake. Kumbukumbu hiyo ni ya uongo, nami nilikuwapo.

Katika miaka ya hamsini nilikuwa karani wa karakana ya umeme mjini Thika. Kampuni yetu, ambayo imeuzwa na kuuzwa tena tangu wakati huo, ilikuwa na karakana hapo Thika, mashamba ya kahawa upande wa Ruiru, na kiwanda cha kumenyea na kuoshea kahawa kando ya mto. Kazi yangu ilikuwa kupokea maombi ya matengenezo, kutoa vifaa stoo, na kufuatana na fundi mkuu popote alipokwenda ili niandike alichokikuta. Sikuwa fundi. Hata hivyo, anayekaa jikoni miaka mingi hujua chumvi imezidi kabla hajaonja.

Fundi huyo, Singasinga mwenye kilemba, wafanyakazi walimwita Kalasinga. Mimi nilimwita Bwana Harbans, naye aliniita Karani, na hatukuwahi kuitana vinginevyo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa ya kukataa. Siku yangu ya kwanza nilimwonyesha kwa fahari bango nililolichora kwa rangi nyekundu, lenye fuvu la kichwa na neno HATARI. Aliliangalia kwa utulivu, akaniuliza kama fuvu lile lingeweza kuushika umeme ukitoroka.

"Ukiona tangazo la hatari, Karani," alisema, "ujue kuna kazi ambayo mtu hakuifanya."

Ninyi vijana mnaoishi mitaa ya Membley na Mwiki hapo Ruiru, mnaowasha taa bila kuitazama swichi, shikeni neno hilo. Harbans alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja. Kwanza iondoe hatari yenyewe. Ikiwa haiondoki, ifungie mahali ambapo mkono haufiki. Kisha panga vyuma na nyaya ili hata siku mambo yakiharibika, umeme upate njia ya kwenda ardhini bila kupitia mwilini mwa mtu, na swichi ijikate yenyewe. Ukiisha kufanya yote hayo, ndipo unaweza kusema na watu. Wakubwa wetu walianza na kusema na watu, na wakaishia hapo hapo.

Alikuwa na kufuli lake mwenyewe. Alipoingia ndani ya mashine kutengeneza, alizima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli hilo, na ufunguo akauchomeka katika mikunjo ya kilemba chake. Siku moja msimamizi wa kiwanda cha mbao alimjia akifoka kwamba kazi imesimama. Kutoka chini ya meza ya msumeno, ambapo miguu yake tu ndiyo iliyoonekana, Harbans alimjibu kwamba kama ana haraka aje autafute ufunguo kichwani mwake. Msimamizi alikitazama kilemba kile kirefu kilipochomoza, akaenda kunywa chai.

Kwingine, katika kinu cha posho, tulimkuta mwenye kinu ameweka msumari mahali pa fyuzi kwa kuwa fyuzi zilimchosha kwa kuungua. Harbans alimpongeza kwa uzito wote. Alimwambia msumari ni mzuri kuliko fyuzi kwa sababu hauungui kamwe, kinachoungua ni nyumba. Mwenye kinu alicheka mpaka alipogundua kwamba anacheka peke yake.

Na alinifundisha kwamba chuma usichokiamini ukiguse kwa mgongo wa mkono, usikiguse kwa kiganja. Umeme hukunja misuli. Ukigusa kwa mgongo wa mkono, mkono utarushwa. Ukigusa kwa kiganja, vidole vitajifunga vyenyewe juu ya kile kinachokuua, na hutaweza kuvifungua hata ukitaka. Alisema hivyo huku akikifumba kiganja chake polepole mbele ya uso wangu. Nilidhani ananitisha tu.

Sasa nije Ruiru, ambako nilitumwa mara kwa mara kuhesabu vifaa vya stoo ya kiwanda.

Habari ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe. Nyuma ya kiwanda palikuwa na njia ya mifugo kwenda mtoni, iliyopita karibu na mfereji wa chuma ambamo kahawa ilioshwa. Ng'ombe walianza kuikataa. Walifika mahali fulani, mahali palepale kila mara, wakasimama wote kwa pamoja na kupumua kwa nguvu kama waliosikia harufu ya damu. Mchungaji aliwachapa, wakakubali kuchapwa kuliko kupita. Mbwa wa mlinzi naye akaacha kulala pale alipozoea, akawa akipazunguka kwa mbali huku amekunja mkia. Hakuna aliyeleta ombi la matengenezo kwa sababu ya ng'ombe. Ungeandika nini?

Kisha maji yakaanza kuwagusa wanawake.

Kiongozi wa waoshaji kahawa aliitwa Nyokabi, mwanamke kijana, Mkristo wa kwenda ibada kila Jumapili, mwenye sauti iliyosikika juu ya mashine. Alinieleza kwamba ukitia mkono mferejini asubuhi ulihisi kama siafu wanatembea chini ya ngozi. Kadiri jua lilivyopanda na watu walivyozidi kulowa, siafu waligeuka vidole. Kitu kilikushika kiwikoni, kwa upole, kama mzee anayetaka umsikilize. Jambo lililowanyamazisha wote ni hili: hata mashine ilipozimwa, mikanda imesimama na kimya kimetanda, maji yaliendelea kushika.

Wakaamua ni mzee aliyemiliki ardhi ile kabla ya kahawa, ambaye kaburi lake halikujulikana liko wapi. Walimwita Guka, yaani babu. Mutua, aliyeangalia mashine, alitoka upande wa Yatta, na Nyokabi hakukosa kumchokoza kwa hilo.

"Wewe Mkamba," alimwambia mbele yangu, "si ninyi ndio mnajua kuongea na hawa? Muulize anataka nini."

Mutua aliinamisha sikio kwenye mfereji, asiuguse, akasikiliza kwa makini kabisa. "Anasema anataka chai," alisema. "Ya maziwa. Na anauliza nani alimwaga maji ya kunawa miguu juu ya kichwa chake."

Wanawake walicheka, lakini nilimwona mmoja akirudi nyuma.

Hapo ndipo zilipotoka mbao. Nyokabi alisema si adabu kumkanyaga Guka kwa miguu mitupu, wakatandika mbao za mukima, ule mti wa kivuli wa mashamba ya kahawa, kando ya mfereji wote na kusimama juu yake. Alikuwa mkali kuhusu mbao hizo. Palikuwa na jozi mbili, moja ikitumika na nyingine ikianikwa juani, kwa kuwa, alivyosema, Guka hapendi ubao mbichi. Aliyesimama chini alifukuzwa kwenye mfereji mpaka apande ubaoni. Tangu siku hiyo maji hayakumshika mtu. Wakaona Guka ameridhika, wakamsalimia kila asubuhi, kazi ikaendelea.

Niliporudi Thika nilimsimulia Harbans nikitarajia atacheka. Aliweka chini kikombe chake, akachukua begi.

Tulifika mchana wa jua kali. Alimwomba Mutua azime mashine. Kisha akatoa taa ya majaribio, balbu ya kawaida yenye nyaya mbili zinazoning'inia. Waya mmoja aliufunga kwenye mfereji. Mwingine aliufunga kwenye chuma alichokikita katika udongo uliolowa. Balbu ile haikuwa imeunganishwa na kitu kingine chochote duniani. Tukaitazama. Uzi wake ulianza kuwa mwekundu, polepole, kama kaa la jiko linalopulizwa, ukabaki hivyo, haumulikii mtu, huku mashine imekufa na maji yakipita kimya. Wanawake walikuwa wamesimama juu ya mbao zao. Nakumbuka nilijitahidi kutofikiri kwamba inatutazama.

"Huyo ndiye Guka?" Nyokabi aliuliza.

"Huyo ni umeme, mama," Harbans alijibu. "Lakini endelea kumsalimia hivyo hivyo kwa mbali."

Sababu ilikuwa hii, nami naiandika kwa lugha nyepesi. Kebo iliyoleta umeme kiwandani ilipita ukutani kabla ya kufika kwenye swichi ya mashine. Humo ukutani unyevu ulikuwa umekula ngozi yake, nayo ikagusa chuma kilichoshikilia mfereji. Kwa kuwa palipoharibika palikuwa kabla ya swichi, kuzima mashine hakukubadili lolote: ulizima gurudumu, hukuzima mfereji. Zamani kosa kama hilo lingejionyesha lenyewe, kwa sababu vyuma vyote vya kiwanda vilifungwa kwenye bomba la chuma lililokwenda mtoni. Umeme uliotoroka ulipita humo hadi ardhini na fyuzi ikakatika. Lakini bomba lilikuwa limeota kutu, na mhandisi mkuu alikuwa ameagiza kipande chake kibadilishwe kwa bomba la udongo wa kuchomwa. Udongo huo haupitishi umeme. Njia ya kwenda ardhini ilikatwa, na fundi wa umeme hakuulizwa.

Harbans alizigusa mbao kwa mguu. Aliniambia zinawalinda wale wanawake kwa kweli, kwa sababu mti mkavu hauupi umeme njia, lakini kinga inayotegemea jua haifai kwa kazi inayofanywa wakati wa mvua. Kisha akataka yafanyike mambo haya: kebo itolewe ukutani, sahani ya shaba izikwe ardhini na kuunganishwa na kila chuma, iwekwe swichi ya kujikata umeme unapotoroka, mfereji wa chuma ubadilishwe kwa zege, na swichi kuu iwe nje, mahali pakavu, yenye tundu la kufuli. Mpaka hapo, alitaka umeme wa kiwanda ukatwe.

Mhandisi mkuu alijibu kwamba msimu wa kahawa haungoji na kazi ingefanywa baada ya mavuno. Akampeleka Harbans kwenye pampu za shamba jingine, mbali na Ruiru, na mimi nikaachwa kwenye stoo ya kiwanda.

Meneja, kwa upande wake, alifanya mambo mawili. Alibandika tangazo ukutani: ukiona mwenzako ameshikwa, zima mashine kwanza, kisha ndipo umguse. Hilo alilichukua katika kitabu fulani na alijivunia sana. Jambo la pili lilimjia baada ya kusikia habari za Guka. Aliniita ofisini kwa Kiswahili chake cha kizungu.

"Hii mbao ni mambo ya shetani," alisema. "Mimi hapana taka shetani kwa kiwanda yangu. Toa yote."

Nilimweleza alichosema fundi kuhusu mti mkavu. Nilimweleza habari ya balbu. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama mimi pia, mtu aliyesoma, ninaamini mambo ya mababu. Nilimjibu kwamba siamini mababu, naamini balbu. Akaniambia karani ni mkono, si kichwa, na mbao zikabebwa nyuma ya stoo.

Siku zilizofuata nazikumbuka kwa namna wanawake walivyoacha kuongea. Walikunja sketi zao, wakafanya kazi kwa ncha za vidole, wakiyatazama maji jinsi mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. Jua lilikuwa kali na ardhi imekauka, kwa hiyo mguso ulikuwa hafifu. Meneja aliniambia kwamba sasa nimeona mwenyewe, shetani ameondoka.

Mvua ilikuja alasiri. Nilikuwa nimesimama chini ya paa la stoo na hesabu ya vifaa. Sikusikia mlio wowote. Nilichoona ni kwamba wanawake wote wamegeuka upande mmoja. Nyokabi alikuwa ameshika ukingo wa mfereji kwa mkono wa kulia. Mdomo wake ulikuwa wazi na sauti ile kubwa haikutoka. Mkono ulikuwa umefumba juu ya chuma, mishipa imetuna, na mwili wote ulikuwa ukitetemeka kwa namna ndogo, ya haraka, isiyokuwa ya mtu.

Mutua alikuwa kwenye mashine. Alimwona, akamkimbilia, kisha akasimama. Naapa mbele ya yeyote anayetaka kiapo changu: alisimama, akalitazama tangazo, akarudi hadi kwenye swichi, akaizima. Mashine ikapunguza mwendo na kunyamaza. Akaliangalia gurudumu mpaka lilipotulia kabisa. Ndipo akaenda, akiamini kama alivyofundishwa, balbu ile ikiwa imemtoka kichwani kwa haraka, akamkumbatia Nyokabi kiunoni na kumvuta.

Nyokabi alichomoka, akaanguka upande. Mutua aliteleza katika tope, na mkono wake ukatafuta mahali pa kujishikiza. Ukapata mfereji.

Tuliita watu, tukapiga kelele zizimwe taa, mashine, kila kitu, wakati kila kilichoweza kuzimwa pale kilikuwa kimezimwa tayari. Swichi ya mbele, ambayo ingeikata kebo yenyewe, ilikuwa kwenye kibanda cha nguzo ya umeme, nyuma ya mlango uliofungwa, na ufunguo ulikuwa kwa meneja aliyekuwa mjini. Wanawake wawili walikimbia nyuma ya stoo wakaja na ubao mkavu, wakamsukuma nao mpaka akaachia. Alikuwa amekwisha kufa.

Harbans alirejeshwa upesi. Msimu ambao haukuweza kungoja ulingoja. Kebo ilitolewa, shaba ikazikwa, zege likamwagwa. Kazi ilipokwisha aliharibu waya mmoja kwa makusudi mbele ya wafanyakazi, swichi mpya ikajikata kabla hajatoa mkono, na balbu ya majaribio ilikaa gizani. Alikusanya vifaa vyake, akampa Nyokabi mkono wa pole, naye akaupokea kwa kushoto. Baada ya muda ng'ombe walirudi kwenye njia yao.

Nyokabi aliendelea kusalimia mfereji asubuhi, ingawa sasa ulikuwa wa zege na haukumshika mtu. Nilimuuliza kama bado anamsalimia Guka. Alisema Guka alikwenda zamani, siku mbao zilipoondolewa, kwa kuwa alivunjiwa heshima. Huyu wa sasa alimsalimia kwa Kikamba, kwa maneno machache aliyojifunza kwa Mutua mwenyewe. Sikumcheka. Nilipopita pale nami nilishusha sauti.

Uchunguzi ulifanywa Thika. Enzi hizo za amri ya hali ya hatari Mkikuyu hakutoka Ruiru kwenda Thika bila ruhusa ya maandishi, na wa kumwombea Nyokabi ruhusa hiyo alikuwa meneja. Meneja alikuwa na shughuli nyingi. Kwa hiyo shahidi aliyeokolewa hakufika, na waliosikilizwa ni meneja na mhandisi mkuu. Wote wawili walieleza kwamba tangazo lilikuwapo, likisomeka vizuri, na marehemu hakulifuata. Mimi niliomba kusema nilichokiona. Afisa aliniuliza kwa adabu kama mimi ni mhandisi. Nilipojibu kwamba mimi ni karani, alinishukuru na kunionyesha mlango.

Nimestaafu muda mrefu. Harbans alihama nchi, na sijui kama yu hai. Nimeandika kwa waliorithi kampuni hiyo nikajibiwa kwamba mambo ya wamiliki wa zamani hayawahusu. Nimekwenda kwenye ofisi ya serikali yenye dhamana ya usalama viwandani nikaambiwa faili ni la kikoloni. Vijana, msikubali jibu la aina hiyo katika kazi zenu. Waliorithi majengo na mashamba walirithi na vifo vilivyotokea humo. Serikali iliyorithi faili ilirithi na uongo uliomo.

Nyokabi yu hai. Anaishi kwa mjukuu wake huko Kiuu, amezeeka, na mkono wake wa kulia haujawahi kufunguka vizuri. Akili yake haina doa. Mpaka leo hakuna afisa yeyote, wa enzi ile wala wa hii, aliyemuuliza kilichotokea.

Kwa hiyo nadai, rasmi na hadharani, kwamba uchunguzi wa kifo cha Mutua ufunguliwe upya. Nadai Nyokabi asikilizwe angali na pumzi, na nisikilizwe mimi kama shahidi wa macho. Nadai neno "uzembe" lifutwe mbele ya jina la Mutua, na mahali pake iandikwe kwamba alizima mashine kama alivyoagizwa, kisha akamwokoa mtu. Nadai majina ya meneja na mhandisi mkuu yaandikwe katika kumbukumbu hiyo pamoja na kile ambacho kila mmoja wao aliamuru. Familia ya Mutua huko Yatta isomewe uamuzi huo kwa sauti, nyumbani kwao, na afisa mwenye mamlaka atakayesimama mbele yao na kujitambulisha kwa jina lake kamili.